Kuishi kwa gitaa bila kuajiriwa na mtu: mwongozo kamili, kuanzia mikono mpaka mirabaha

Simu ya kwanza inaweza kumwangukia mtu yeyote. Mpiga gitaa wao kaumwa, mtu kakumbuka alishawahi kukuona ukipiga sehemu, wanakutafuta, unaenda. Simu ya pili kutoka kwa mtu huyohuyo ndo kazi sasa. Mimi nikiangalia nyuma naona miaka yangu yote ya kula kwa gitaa imebebwa na simu za pili, za tatu na za kumi kutoka kwa watu wachache sana, hawafiki 20, na wote ni watu ambao siku ya kwanza nilifika mapema, gitaa liko kwenye tyuni na nyimbo nazijua. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa maswali mawili tu, nini kinafanya upigiwe tena, na ukishapigiwa nini kinafanya hela ibaki kwako. Nachukulia unajua kupiga kiasi, yani kodi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unazishika na wimbo unaweza kuusindikiza mwanzo mwisho. Kama bado, rudi ukajifunze kwanza, haya mengine yatakusubiri.

Hatua ya 1: Amua unauza nini

"Mimi ni mpiga gitaa" haimwambii mteja chochote. Kuna kupiga jukwaani na waimbaji au bendi za watu, kuna kurekodi kwenye nyimbo za wengine, kuna kufundisha, kuna kutunga muziki wa matangazo na filamu, na kuna kutoa kazi zako mwenyewe. Kila moja ina wateja wake na hela yake inaingia kwa mwendo wake. Ya jukwaani inaingia usiku uleule au wiki ileile, ya kufundisha inaingia kila mwezi, ya nyimbo zako mwenyewe inaweza kukaa mwaka mzima haijaonekana na baadaye ikawa inadondoka kidogo kidogo miaka kumi.

Ushauri wangu ni miguu miwili na mbegu moja. Miguu ni jukwaa na kufundisha, mana hizo zinaanza kulipa haraka na hazihitaji mtu akujue sana. Mbegu ni kazi zako mwenyewe au kurekodi, hiyo unaimwagilia kila wiki hata kama hailipi. Watu wengi wanaokata tamaa nimeona wameanza na mbegu peke yake, wanatoa wimbo wanakaa kusubiri, kodi ya nyumba inafika na gitaa linauzwa.

Hatua ya 2: Mikono na masikio, lakini kwa ajili ya kazi

Mazoezi ya chumbani na mazoezi ya kazi havifanani. Chumbani kila mtu anapenda solo, ila ukihesabu wimbo wa dakika 4, solo ni sekunde 20 au 30, dakika 3 na nusu zilizobaki ni ridhimu, yani kusindikiza kwa mdundo. Anayekupigia simu anataka zile dakika 3 na nusu zikae sawa. Ridhimu iliyokaa inamfanya mpiga ngoma atabasamu, na mpiga ngoma akitabasamu jua umeshapata mtu wa kukutaja kwenye kazi nyingine.

Zoezi moja ambalo limenisaidia kuliko yote. Chukua metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, wimbo wako una spidi ya 100 kwa dakika, wewe iweke 50, halaf ule mlio uusikie kama hesabu ya pili na ya nne, usiusikie kama ya kwanza. Mwanzo utapotea kabisa, unahesabu kwa mdomo "moja MBILI tatu NNE" na mkono unakukatalia. Wiki mbili za dakika 15 kila siku na utaona kitu kimebadilika kwenye mkono wa kulia, yani hausubiri tena mashine ikwambie uko wapi, unajua mwenyewe. Ukiweza hapo ishushe iwe 25, mlio mmoja tu kwa kila hesabu nne.

La pili ni namba. Jifunze kufikiria kodi kwa namba na usizikariri kwa majina tu. Kwenye kii ya G, yani wimbo ukiwa na G kama sauti ya msingi, 1 ni G, 2 ni Am, 3 ni Bm, 4 ni C, 5 ni D, 6 ni Em. Wanamuziki wa studio za Nashville kule Marekani wamekuwa wakiandika nyimbo hivi tangu mwisho wa miaka ya 1950 na sababu yake utaielewa siku ya kwanza mwimbaji akija na mafua. Mlifanya mazoezi kwenye A, kodi zenu A, E, F#m, D, amefika ukumbini sauti haipandi, anasema tushushe toni nzima, mmebakiwa na dakika 5. Mtu aliyekariri majina anatetemeka. Wewe kichwani una 1, 5, 6, 4, unaenda G, D, Em, C na maisha yanaendelea. Kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni, itakusaidia ukipanda, ukishuka haikusaidii, kwa hiyo namba zijue kweli.

La tatu, orodha ya nyimbo. Tengeneza nyimbo 40 unazoweza kupiga saa hizi bila karatasi, zile watu wanaomba, kwenye kii ya asili na kwenye kii nyingine moja. Zinyakue kwa sikio, usitegemee karatasi za mtandaoni, nyingi zina makosa na zinalemaza sikio. Kila mwezi ongeza nyimbo 4.

Kusoma nota ni faida, hasa ukitaka kazi za maigizo ya jukwaani na orkesta, ila kwa kazi nyingi za bendi sikio na namba vinatosha kukuanzisha.

Hatua ya 3: Gitaa na begi lako

Hauhitaji magitaa matano. Moja zuri lililotengenezwa vizuri na fundi linashinda matatu ya kuning'iniza ukutani. Kitu cha kwanza kukagua ni kama noti zake zinabaki kwenye tyuni kuanzia chini ya shingo mpaka juu. Piga uzi kwenye harmoniki ya freti ya 12 (unagusa uzi kidogo juu ya freti, kile kichuma cha shingoni, bila kubonyeza), halaf bonyeza freti hiyohiyo ya 12 upige, angalia kwenye tyuna. Noti mbili zinatakiwa zilingane. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, urefu wa uzi uongezwe kwa kurudisha kiti cha uzi nyuma kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa juu ya mwili wa gitaa, ikiwa chini kinasogezwa mbele. Kwenye gitaa la umeme ni skrubu tu, unafanya mwenyewe nusu saa, badili nyuzi kwanza maana nyuzi zilizochoka hazitakupa jibu la kweli. Kwenye galatoni, lile gitaa kavu la mbao, mpelekee fundi.

Galatoni linataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 mpaka 55 hivi. Hewa ikikauka sana mbao zinapasuka, ikilowa sana uso unavimba na nyuzi zinapanda juu. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani, gundi ya daraja inalainika na siku moja utakuta daraja limenyanyuka.

Begi la kazi ndo kitu nakithamini karibu sawa na gitaa. Ndani yake kuna seti mbili za nyuzi mpya, nyuzi za ziada za ile ya kwanza na ya pili peke yake mana hizo ndo zinakatika sana, waya mbili za gitaa, tyuna, kapo, piki za kutosha, mkanda, koleo dogo la kukatia nyuzi, tochi, soketi ya kugawia umeme, na betri mbili za 9V. Kuhusu hizo betri kuna jambo dogo wengi hawalijui. Galatoni lenye pikapu ya betri, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, linawaka pale unapochomeka waya, liwe linapigwa au halipigwi. Ukimaliza saundcheki (kupima sauti kabla ya shoo) saa 10 ukaacha waya umechomekwa mpaka shoo ya saa 3 usiku, betri inaliwa muda wote huo, unapanda jukwaani sauti inakuja kama ya redio iliyopasuka. Chomoa waya kila ukiliweka chini.

Waya usizidi mita 6 hivi, waya mrefu unakula sauti za juu na gitaa linatoka limefunikwa. Galatoni ukilipeleka mbali kwenye miksa tumia kiboksi cha DI, kinageuza sauti ya gitaa iweze kusafiri kwenye waya mrefu wa mic bila kelele. Kuwa na chako mwenyewe, usitegemee cha ukumbi.

Na umeme nakuomba usiufanyie mzaha. Ampu yako (spika ya kukuza sauti ya gitaa) na mic unayoimbia vitoke kwenye chanzo kimoja cha umeme chenye ethi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, na usikate wala usiruke pini ya ethi eti kupunguza mngurumo. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika mic iliyokuwa na hitilafu ya ethi. Ukisikia hata mtekenyo kidogo mdomoni unapogusa mic, shuka, waambie, usipande mpaka wamerekebisha.

Hatua ya 4: Kona ya kurekodia nyumbani

Siku hizi prodyuza anaweza kuwa mbali na wewe kabisa na akataka gitaa lake leo usiku. Mahitaji ni machache. Kompyuta, intafesi ya kurekodia (kiboksi cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) yenye tundu la gitaa, hedifoni za kufunika masikio, mic moja nzuri kama unapiga galatoni, na programu ya kurekodia, zipo hata za bure.

Mipangilio ambayo haitakuangusha ni 48 kHz, biti 24, isipokuwa mteja kasema 44.1. Sauti yako ikipanda sana iishie kama -12 mpaka -6 dB, usiifukuzie taa nyekundu, kwenye biti 24 una nafasi ya kutosha na ikishapasuka hairudi. Wakati wa kurekodi weka bafa (kiasi cha sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata) sampuli 128 au chini yake ili usisikie gitaa likichelewa masikioni, kwa 48 kHz hiyo ni chini ya milisekunde 3 kwa upande mmoja, ukianza kuchanganya ipandishe 512 au zaidi kompyuta ipumue.

Sasa kutuma faili, hapa ndo simu ya pili inapatikana au inapotea. Prodyuza akifungua kazi yako anataka aiburute iingie mahali pake bila kuhangaika, kwa hiyo kila faili ianzie sekunde sifuri ya wimbo hata kama gitaa lako linaingia dakika ya pili, huo ukimya wa mwanzo uache humohumo. Tuma WAV, usitume MP3. Gitaa la umeme tuma faili mbili, moja yenye saundi yako ya ampu na nyingine kavu kama ilivyotoka kwenye waya, ili akitaka saundi nyingine aitengeneze mwenyewe bila kukurudisha. Usiweke ekho wala reverbu kwenye faili kuu isipokuwa ndo sehemu ya upigaji wenyewe. Jina la faili liseme kila kitu, jina la wimbo, kii, spidi, ni gitaa gani, umechukua mara ya ngapi. Mtu aliyepokea faili inayoitwa "gitaa mwisho mwisho kabisa 2" hatakwambia amekasirika, ila kesho atamtafuta mwingine.

Na ukipewa wimbo, kabla ya kushika gitaa usikilize mara tatu bila kupiga kitu. Tafuta pale ambapo hakuna mtu. Kinanda kiko katikati, mwimbaji yuko hapo hapo katikati, wewe panda juu shingoni upige nyuzi tatu tu, au shuka chini upige noti moja moja, au nyamaza mpaka korasi. Nilipoanza nilikuwa najaza kila sehemu nikidhani nalipwa kwa wingi wa noti, mpaka prodyuza mmoja akanizimia nusu ya nilichopiga mbele yangu na akaucheza wimbo. Ulikuwa mzuri zaidi. Tangu siku ile natuma chaguo mbili, moja lenye noti chache na moja lenye nyingi kidogo, na mara nyingi wanachukua lenye chache.

Hatua ya 5: Bei

Wapiga gitaa wengi wanataja bei kwa kubahatisha, wanaangalia uso wa mteja. Fanya hesabu nyumbani ukiwa umetulia. Andika unachohitaji mwaka mzima: kuishi, nyuzi, fundi, usafiri, intaneti, matibabu, akiba, kodi ya serikali. Gawa kwa siku ambazo kweli utauza. Usigawe kwa 300, hauna siku 300 za kazi, mimi nashauri anayeanza agawe kwa 100 mana siku nyingine ni mazoezi, kutafuta kazi na kuumwa. Jibu lake ndo siku yako moja inagharimu, na chini ya hapo unajilipia kufanya kazi ya mtu.

Afu kumbuka shoo ya saa 2 sio saa 2. Mazoezi saa 3, safari ya kwenda na kurudi saa 2, kufunga vifaa na saundcheki saa 1, kusubiri saa 1, ukiongeza na shoo yenyewe jumla saa 9, hapo hatujagusa muda wa kujifunza nyimbo. Mtu akikwambia "ni saa mbili tu" mwambie kwa upole kazi yote inachukua siku nzima.

Mteja akisema hana hela hiyo, punguza kazi, bei usiiguse. Badala ya watu wanne mje wawili, badala ya seti mbili iwe moja. Hapo heshima inabaki pande zote, na mwakani akiwa na hela anajua kamili inagharimu kiasi gani. Kupiga bure kuna mahali pake, msiba wa rafiki, kuchangia mgonjwa, jambo unaloliamini. "Utapata kujulikana" kwenye shughuli ambayo watu wa viti na mapambo wanalipwa, hapana.

Hatua ya 6: Makubaliano yaliyoandikwa

Mkataba mrefu wa mwanasheria kwa shoo ya kawaida hauhitajiki, ujumbe wa simu unatosha ilimradi una vitu vyote na mtu kajibu "sawa". Wangu unakaa hivi:

"Habari za leo. Nathibitisha Jumamosi tarehe 14, nafika saa 10 jioni kwa saundcheki, napanda saa 1 usiku, seti mbili za dakika 45. Naleta gitaa na ampu, ukumbi unatoa miksa, spika na mic moja. Malipo ni kiasi tulichokubaliana, nusu leo ya kushikilia tarehe, nusu kabla sijapanda. Usafiri ni juu yenu. Ikiahirishwa chini ya siku 7 kabla, ile nusu ya kwanza hairudi. Naomba unijibu kama iko sawa."

Ile "kabla sijapanda" usiione aibu kuiandika. Baada ya shoo mwenye hela huwa haonekani, sio lazima awe tapeli, shughuli imeisha, amechoka, anasindikiza wageni. Tarehe haijashikiliwa mpaka nusu imeingia, waambie hivyo mapema na uwe mkweli, usije ukawaacha kwenye mataa kwa sababu kazi kubwa zaidi imetokea. Mtu akikuamini kwa hilo hakuachi.

Hatua ya 7: Haki zako, soma hapa taratibu

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yani melodia, maneno na mpangilio wake, na kuna rekodi, ile sauti iliyokamatwa siku ile. Zinaweza kuwa na wenye tofauti na zinalipa kwa njia tofauti. Mtunzi analipwa wimbo ukipigwa redioni, ukumbini, ukinakiliwa au ukisikilizwa mtandaoni. Mwenye rekodi analipwa ile rekodi ikitumika. Na wewe uliyepiga kwenye rekodi ya mtu una haki ya tatu ya pembeni, haki ya mwonyeshaji, ambayo ilipata mkataba wake wa kimataifa Roma mwaka 1961. Nchi nyingi redio ikipiga ile rekodi, wapigaji wanastahili fungu. Sio zote, Marekani kwa mfano redio za kawaida za masafa zinalipa watunzi tu.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Niliitwa studio kwa saa mbili, nikalipwa za saa mbili, na katikati ya kutafuta nikatunga kijivipande cha gitaa cha mwanzo, noti saba. Prodyuza akakirudia kwenye korasi, mwimbaji akajenga melodia yake juu yake. Wimbo ukatoka, ukapendwa, watu walikuwa wanakiimba kile kipande changu kwa mdomo barabarani na jina langu halipo popote. Nilipouliza nikajibiwa nilishalipwa. Na kweli hatukuwa tumeandika kitu. Niliumia sana, bado nikiusikia ule mwanzo moyo unashtuka.

Toka hapo naongea kabla sijachomeka waya. Nauliza, leo napiga mlichotunga nyie au mnataka nitunge? Nikipiga walichotunga, nalipwa siku yangu na jina langu liandikwe kwenye orodha ya waliopiga. Nikitunga kitu ambacho wimbo unasimama juu yake, tunagawana utunzi, na asilimia zinaandikwa siku ileile kwenye karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, jina halisi la kila mtu, asilimia yake, sahihi. Jumla ifike 100. Dakika 5. Asilimia 10 iliyosainiwa leo ina faida kuliko 30 utakayoidai wimbo ukishakuwa mkubwa.

Baada ya hapo jiunge na chama cha nchi yako cha kukusanya mirabaha, yani malipo ya kazi yako kila inapotumika, kama mtunzi, na kama kuna cha waonyeshaji jiunge nacho pia. Ukisajiliwa kama mtunzi unapewa namba ya IPI ya kukutambulisha, iandike kwenye kila karatasi ya mgawanyo. Kila rekodi yako iwe na ISRC, ni namba ya herufi na tarakimu 12, msambazaji wa mtandaoni, yani kampuni inayopeleka nyimbo zako kwenye majukwaa, mara nyingi anakupa, na hiyo ndo inafanya hela ya rekodi ijue njia ya kurudi kwako. Kusajili wimbo baada ya kutoa ni kazi ya nusu saa na watu wanaiacha miaka.

Ukiambiwa usaini kuachia haki zote kwa malipo ya mara moja, sio dhambi, kazi za matangazo mara nyingi ziko hivyo. Ila bei yake iwe ya kuuza, sio ya kukodisha.

Hatua ya 8: Kufundisha

Mwanafunzi mmoja akikaa mwaka ni sawa na shoo kadhaa ambazo haukuhitaji kubeba ampu. Uza kwa mwezi, masomo 4, malipo mwanzoni, na sheria moja: asiyetoa taarifa saa 24 kabla, somo limehesabiwa. Kila somo aondoke na kitu anachoweza kumpigia mtu nyumbani, hata kama ni kodi mbili. Andika alichofanya, wiki ijayo anzia hapo. Kama unafundisha kwa video, kamera ya pili ielekezwe mkono wa kushoto na sauti ya gitaa iingie kwa waya, usitegemee mic ya simu, programu za mikutano huwa zinadhani gitaa ni kelele na zinalikata. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuzima huo usafishaji, itafute.

Hatua ya 9: Uonekane

Anayetafuta mpiga gitaa ana maswali matatu, anasikikaje, anapiga mtindo gani, nampataje. Ukurasa wako ujibu hayo kwa sekunde 30. Video tatu za dakika moja moja: moja unamsindikiza mwimbaji, moja ridhimu na bendi au ngoma, moja peke yako. Mikono ionekane, sauti iwe safi, namba ya simu iwepo. Ile ya kumsindikiza mwimbaji ndo inaleta kazi kuliko zote mana wanaoajiri wapiga gitaa wengi ni waimbaji.

Nyimbo zako mwenyewe pitisha kwa msambazaji, mpe wiki 4 kabla ya siku ya kutoka. Spotify wanataka uwapendekezee wimbo angalau siku 7 kabla ndo uingie kwenye orodha za wafuasi wako, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mirabaha ya rekodi kwao. YouTube kugawana nawe matangazo wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Bandcamp, duka la muziki mtandaoni, wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, kwa mpiga gitaa mwenye mashabiki 200 wa kweli inaweza kukulipa kuliko hizo nyingine zote. Ukipiga nyimbo za watu kwenye video, tegemea mfumo utazitambua na hela ya matangazo iende kwa mwenye utunzi.

Hatua ya 10: Hela ikija, na mwili unaoibeba

Fungua akaunti ya pili. Kila malipo yakiingia, hata madogo, kata asilimia 30 uweke huko siku ileile kwa ajili ya kodi ya serikali, vifaa na miezi mikavu. Miezi mikavu ipo kila mwaka na inajirudia wakati uleule, ukishaandika mapato mwaka mmoja utaiona kabla haijafika na ndo wakati wa kurekodi zako.

Masikio hayana spea. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni dB 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye dB 100, ambayo ni mazoezi ya kawaida ya bendi chumba kidogo, una dakika 15 tu. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinashusha sauti bila kuiharibu. Kifundo cha mkono kikiuma acha, usipigie juu ya maumivu, legeza kidole gumba, punguza unene wa nyuzi, mwone daktari ikiendelea. Ganzi vidoleni usiku sio uchovu wa kawaida.

Na asubuhi baada ya kila kazi, kabla haujafanya kingine, tuma ujumbe mmoja. Mshukuru, taja kitu kimoja kilichokufurahisha, na kama kuna kilichoharibika kwako kiseme mwenyewe. "Asante kwa jana dada, ule wimbo wa tatu ulivyousimamisha watu wakaimba wenyewe sikuutegemea. Pale katikati ya wimbo wa tano niliingia mapema, nimeshaparudia nyumbani, pako sawa sasa." Halaf badilisha nyuzi, futa shingo, rudisha begi lijae, betri mpya mahali pake.